Uzi Wenye Mafundo Matatu

Chumba cha Ufundi, Hospitalini
12 Machi

Mpwa wangu,

Siku utakayosikia hospitali hii kubwa imefunga milango, usiulize kama kuna vita au tetemeko. Ujue tu mjomba wako ameshikwa na mafua. Sisemi kwa kujisifu, unanijua mimi sipendi makuu. Lakini Daktari Mkuu mwenyewe hapitishi jambo hapa bila kunitazama usoni kwanza. Juzi lifti ilikwama katikati ya ghorofa, ndani yake wagonjwa wanne na daktari mmoja mnene. Nikaishikilia kwa bega hili hili la kushoto mpaka wote wakatoka salama, kisha nikarudi kunywa chai yangu. Niliikuta bado ya moto.

Nyumbani hatujambo. Mkaza mjomba wako anakusalimu sana. Ameng'olewa jino, tukadhani maneno yatapungua, kumbe lile jino ndilo lilikuwa breki.

Barua ya mama yako nimeipata. Ameandika ukurasa mzima juu ya goti lake, na chini kabisa, kwenye ukingo wa karatasi, kama mtu anayeficha pipi, akaandika kuwa wewe una mimba ya miezi mitatu. Niliisoma mara tatu. Mkaza mjomba wako akaniuliza nalia nini, nikamwambia ni vumbi la stoo.

Sasa nisikilize. Usihangaike na vikliniki vya huko kwenu. Utakuja kujifungulia hapa, chini ya usimamizi wangu mwenyewe. Mtu aliyekuchongea magongo yale ulipokuwa na miaka tisa, magongo ambayo hadi leo sijaona mfano wake, atashindwa na kitanda cha kuzalia? Ukifika getini taja mimi tu. Utaona watu wanavyokimbizana.

Msalimie mkwe wetu. Mwambie mikate yake ya mwaka jana ilikuwa mizuri, ila mimi ningeongeza chumvi.

Mjomba wako

*

29 Machi

Shikamoo mjomba. Na mkaza mjomba pia shikamoo, mpe pole ya jino.

Sisi wazima. Mume wangu bado yuko kwenye tanuri la mikate. Anarudi asubuhi na unga kwenye nyusi, ukimwona utadhani nimeolewa na babu yangu. Kibanda changu cha saa kinaenda vizuri. Wiki hii nimefungua saa ya ukutani ya shule, nikakuta ndani mjusi amekauka juu ya gia. Mwalimu alikuwa akisema saa imechoka. Goti la mama ulishalisoma.

Nimefurahi ulivyofurahi, mjomba. Sasa naomba tuongee.

Nimekwenda kliniki mara mbili. Mizani yao ni ya kupanda na kusimama. Muuguzi alinitazama, akaitazama mizani, akachora mstari kwenye kadi mahali pa uzito. Kitanda cha kupimia kina ngazi mbili za chuma, na juu yake kinanifika kidevuni nikiwa kwenye kiti changu. Akasema, "Basi wewe baki hapo hapo." Halafu akamgeukia mume wangu.

"Anakula vizuri?"

"Muulize mwenyewe, mdomo ni wake."

Akamuuliza tena yeye: "Na huku chini, anasikia chochote?"

Nikajibu mimi: "Dada, miguu yangu haina nguvu tangu nilipougua utotoni, lakini ukiifinya nitapiga kelele mtaa mzima usikie. Jaribu."

Hakujaribu.

Mara ya pili alikuwepo daktari. Hakuinuka. Kutoka upande wa pili wa meza aliandika kuwa nitajifungua kwa upasuaji. Nikauliza kwa nini. "Kwa hali yako," akasema, na akaita anayefuata.

Mjomba, huenda ni kweli. Sina ugomvi na kisu. Lakini mimi hata saa ya mkononi siifungui kabla sijaiweka sikioni. Iweje mimi nifunguliwe na mtu ambaye hajanigusa?

Kwa hiyo naomba unijibu mambo matatu. Huko kuna kitanda ninachoweza kuhamia kutoka kwenye kiti changu kwa mikono yangu? Kuna mizani ya mtu aliyekaa? Na yupo mtu atakayenipima kwanza ndipo aamue? Kama hakuna, niandikie "hakuna". Sitakasirika. Bado nina muda wa kutafuta kwingine.

Mpwa wako

*

Hospitalini
22 Aprili

Mpwa wangu, marahaba nyingi, zisizohesabika.

Utaniwia radhi kwa kuchelewa. Kazi imenizonga. Wametuletea mashine mpya ya kufulia shuka, wataalamu watatu wakaizunguka siku mbili, inanguruma tu kama mgambo aliyenyimwa chakula. Mimi nikapita, nikaipiga teke moja dogo mahali ninapopajua mwenyewe. Ikaanza. Wataalamu wakaandika kwenye daftari.

Mkaza mjomba wako ameanza kufuma kofia ya mtoto. Kwa ukubwa wake, naona anategemea mtoto azaliwe na umri wa miaka minne.

Kuhusu maswali yako: vipo vyote. Vyote! Hii ni hospitali, si kibanda cha vocha. Kitanda nimekwisha kukitolea amri. Mkunga Mkuu wa wodi ya wazazi, ambaye tunamwita Kengele kwa sababu akifungua kinywa jengo zima linajua saa, huyo nimemweka sawa. Ananiheshimu mno. Akiniona kwenye korido hubadilisha njia, kwa ile heshima.

Ninachohitaji kwako ni vipimo vya kiti chako. Niletee kwa sentimita, na kama unazo milimita weka na milimita. Tepu yangu haitoki kiunoni, hata Daktari Mkuu aliwahi kuniambia nalala nayo. Wewe nipe namba, mengine niachie.

Yule muuguzi wa huko, ungemwambia mjomba wako ni nani.

Mjomba wako

*

3 Mei

Shikamoo mjomba,

Kofia ya mkaza mjomba asiipunguze. Nitaivaa mimi.

Mtoto ameanza kucheza. Anapiga zaidi ninapokuwa nimeinamia saa ndogo, kama anayesema na yeye aone. Mume wangu huweka sikio tumboni, anasema anasikia mshale wa sekunde. Mama anakuja kila Jumamosi na goti lake.

Wanawake wa jirani wanakuja pia. Mmoja ameniuliza kama sikuogopa "kumpa mtoto huu mzigo". Nikamwuliza mzigo upi, akaangalia miguu yangu, nikamwambia hii niliipata kwa ugonjwa, siyo kwa urithi; cha kurithi hapa ni pua ya mjomba, na hiyo kweli naiogopa. Alicheka akasahau alichokuja kusema.

Kliniki nilikwenda mara ya tatu. Mstari mwingine kwenye kadi. Yule muuguzi alisema neno moja wakati nageuza kiti kutoka, kwa mwenzake, akidhani nimeshafika nje. Siliandiki.

Vipimo ulivyoomba nimekuwekea ndani ya bahasha, lakini si namba. Ni uzi. Ni ule mnene wa kushonea mikanda ya saa, haunyumbuki. Uanzie kila mara kwenye ncha niliyoichoma moto. Fundo la kwanza ni urefu kutoka sakafuni hadi kwenye kalio la kiti changu. Fundo la pili ni upana wa kiti, gurudumu hadi gurudumu. Fundo la tatu ni urefu wa juu kabisa ambao mikono yangu inaweza kuninyanyua nikiwa na tumbo hili. Nimelipima jana, na nimelipima tena leo ili nisijidanganye. Kitanda kikizidi hapo, sifiki.

Tepu za huku zimechakaa, ndiyo maana nimetumia uzi.

Nitakuja mwanzoni mwa Julai. Basi ni siku nzima, na mwenye basi ananitaka nilipie kiti changu kama abiria. Nikifika nikakuta kitanda kirefu, mjomba, sina nguvu ya safari nyingine.

Mpwa wako

*

Hospitalini
11 Juni

Mpwa wangu mpendwa, binti wa dada yangu wa damu, salamu kwako, kwa mkwe wetu mwoka mikate, kwa mama yako, kwa goti la mama yako, kwa jirani mwenye maneno mengi, na kwa wote wanaoniulizia.

Hali ya hewa huku ni nzuri. Paka wa jikoni la hospitali amezaa. Mkaza mjomba wako amefumua kofia na kuanza upya. Mwezi uliopita nilipambana na nyuki waliojenga kwenye bomba la wodi ya wanaume, nyuki mia saba, kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukishika ngazi. Ndiyo sababu sikuandika.

Uzi wako umefika. Nimeuhifadhi mahali pazuri. Lakini mpwa wangu, mimi ni mtu wa kisasa, kazi yangu ni ya tepu. Nimetumia tepu.

Kitanda kipo katika hatua za mwisho. Ni kitanda cha mbao cha kupimia, kilikuwa stoo, kizuri sana, kirefu. Nimekishusha. Nilipoukata mguu wa kwanza, nikakata wa pili, kikawa kinacheza kidogo kwa nyuma, nikarekebisha ya nyuma, kikacheza kwa mbele, nikarekebisha ya mbele. Kitaalamu hiyo ndiyo inaitwa kusawazisha. Kwa sasa kiko chini kuliko ulivyotaka, lakini chini ndiyo mtindo. Bado kinatikisika, ila kidogo tu, kama mtu anayesikia muziki wa mbali.

Ningependa usogeze safari wiki mbili, au mwezi. Si kwa ubaya.

Mjomba wako

*

20 Juni

Shikamoo mjomba.

Sote wazima. Salamu nitazifupisha, mkono una kazi.

Uko wapi uzi wangu?

Nakuandikia jambo ambalo sijawahi kukuambia. Magongo yale uliyonichongea. Gongo la kushoto lilikuwa refu kuliko la kulia kwa vidole viwili. Nilijua siku ya kwanza. Nilitembea nayo mwaka mzima nimeinama upande kama mtu anayesikiliza ukuta. Mama alitaka kulikata lile refu, nikalala juu yake nikalia mpaka akaacha.

Unajua kwa nini? Siku uliyoyaleta, sebuleni walikuwa wamekaa wakubwa wa ukoo wanajadili niwekwe wapi. Kwa bibi, au kituo cha watawa, au chumba cha nyuma. Wewe ukaingia umechelewa, una vumbi la mbao masikioni, ukapita katikati yao ukasema, "Nani ameniambia huyu anawekwa? Huyu anakwenda." Ukanipa magongo. Hakuna mtu mwingine aliyeleta kitu cha kwendea. Ndiyo maana sikutaka yaguswe.

Lakini wakati ule nilikuwa na miaka tisa, na aliyeinama nilikuwa mimi peke yangu. Sasa tuko wawili.

Sisogezi safari. Tarehe 4 Julai nitakuwa getini, na mume wangu amepewa ruhusa ya siku tatu. Naomba mambo mawili tu. Tumia uzi. Na mtafute huyo Mkunga Mkuu, umwambie ukweli wote, hata ukikuaibisha. Usiniandikie tena "vipo vyote".

Mpwa wako anayekupenda

*

27 Juni

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma nimekaa juu ya ndoo ya grisi. 

Kisha nikaenda kwa Kengele. Nakuandikia ilivyokuwa, neno kwa neno, uone.

Nikabisha hodi. "Nani?"

"Mkuu wa Ufundi."

Akainua miwani. "Wewe si yule mzee wa magurudumu?"

Nikasema ndiye. Basi umejua. Kazi yangu hapa, miaka kumi na tisa, ni magurudumu. Machela, toroli za chakula, toroli za nguo, viti. Nayapaka grisi, nabadilisha yaliyopasuka. Ufundi mwingine una watu wake. Ile lifti ilitengenezwa na kijana wa kampuni. Mimi nilishika tochi.

Kengele akasema, "Ni wewe uliyekata miguu ya kitanda changu cha stoo?"

"Nilikuwa nakishusha, mama."

"Ulikuwa unakishushia wapi, kaburini?"

Nikauweka uzi wako mezani. Nikamweleza ni mpwa wangu, miguu haina nguvu, mimba ni ya miezi sita na zaidi, kwao hawajampima hata uzito, na mimi nilimwahidi vitu nisivyonavyo. Nikamweleza fundo moja moja. Nilipofika la tatu akauliza, "Na hili?" Nikasema, hapo ndipo mikono yake inapokomea.

Kengele alinyamaza. Sijawahi kumsikia amenyamaza, wauguzi walichungulia mlangoni wakidhani amezimia. Akasema, "Wananiletea faili, wananiletea ndugu, wananiletea machozi. Kipimo hajaniletea mtu." Halafu akasimama. "Kaa kwenye kiti cha magurudumu. Nenda getini, urudi hapa kwa mikono yako, usisimame. Ukisimama nitajua."

Mpwa wangu, njia hiyo naipita kila siku. Mtaro wa mbele ya mapokezi ulimeza gurudumu la mbele, nikatupwa magotini mwa muuza maji. Nilipofika mapokezi, yule dada tunayesalimiana tangu aajiriwe, hakunitambua. Alimwuliza mfagiaji aliyekuwa nyuma yangu, "Mzee huyu anatafuta nini?" Nikiwa pale pale! Nikakumbuka mkwe na ule mdomo. Kizingiti cha wodi kilinishinda mara nne. Choo cha wodi kiti hakikuingia kabisa. Nilifika kwa Kengele jasho linanitoka hadi kwenye soksi. Akauliza, "Umeona nini?" Nikamwambia yote. Akasema, "Anza."

Mtaro una ubao sasa. Kizingiti nimekichonga mteremko. Mlango wa choo nimeung'oa na fremu yake, fundo la pili sasa linapita, pametundikwa pazia zito. Mizani niliikumbuka mimi, andika hilo: kule kwenye chumba cha nguo chafu kuna mizani ya chini ya kupimia toroli, unaisukuma juu yake na magurudumu yote. Miaka yote tunapima shuka, hakuna aliyefikiria kupima mtu. Kitanda nimekivisha viatu. Kila mguu nimeuwekea kipande cha mbao chake, chenye unene wake, mpaka ule ubao wa juu ukagusa fundo la kwanza pembe zote nne. Kwa uzi. Hakitikisiki.

Njoo.

Mjomba

*

15 Julai

Shikamoo mjomba, shikamoo mkaza mjomba.

Tulifika salama. Mume wangu alilala siku nzima, kisha akaamka akasema kwenu mnakula mkate mbaya. Mama anaomba nimwelezee kila kitu na kila nikianza ananieleza goti. Kwa hiyo nakueleza wewe, maana ulijificha. Usikatae. Viatu vyako vilionekana chini ya pazia la chumba cha nguo.

Kiti changu peke yake ni kilo kumi na tisa. Kiti, mimi na mtoto ni themanini. Kengele akatoa kwa sauti, na nadhani hata wodi ya wanaume inajua kuwa mimi ni sitini na moja. Akaichukua kadi yangu, akaandika namba pembeni ya ile mistari mitatu. Hakuifuta mistari. Akasema iache, waione.

Kuhamia kitandani nilihama mwenyewe. Muuguzi mmoja alikuja mbio kunibeba, Kengele akamshika mkono: "Umeombwa?" Nikaweka viganja, nikavuta pumzi, nikapita kutoka kitini hadi kitandani kama mtu anayesogea kwenye benchi. Ni jambo dogo. Kwenye kliniki ya huku lilikuwa mlima.

Alinipima taratibu, kila mkono unapokwenda ananiambia kwanza. Akakuta nyonga zangu zimeinama, zimebana upande mmoja. Akamwita daktari, naye akavuta kigoda akakaa, macho yake yakawa sawa na yangu. Akasema naweza kujaribu kwa uchungu, lakini mtoto anaweza kukwama, na kwa anavyoona yeye upasuaji wa kupangwa ni salama zaidi. Akanionyesha pale ganzi itakapoingia, kwa sababu nasikia kama mtu yeyote. Kisha akauliza, "Wewe unasemaje?" Nikauliza maswali mpaka nikaona haya. Akayajibu. Nikasema, nipasueni.

Mama hanielewi. Anasema, "Si ndiyo lile lile la daktari wa huku, ulilolikataa?" Nimemwambia lile lilitoka mezani, hili limetoka mwilini mwangu.

Lile neno ambalo sikukuandikia, nilimwambia Kengele. Akalirudia mara moja, polepole, kisha akaenda kunawa mikono.

Wamenipangia wiki ya pili ya Septemba. Nitakuja mwishoni mwa Agosti, mkaza mjomba amesema nitalala chumba cha mbele na wewe utalala na cherehani.

Viatu vya kitanda nimeviona. Vinne, hakuna kinachofanana na mwenzake. Nilivipenda.

Mpwa wako

*

Chumba cha Ufundi, Hospitalini
14 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba, na salamu kwa bibi mdogo aliyekuja duniani kwa kilo tatu na robo akiwa amekunja ngumi. Tangu mlipoondoka wiki iliyopita nyumba imekuwa kubwa mno. Mkaza mjomba wako anaamka saa ya kunyonyesha, anakaa kitandani, hana wa kumfokea ila mimi. Kofia ile aliyosema ni ndogo kwa mtoto anaivalisha birika.

Kila mtu hapa anasema mtoto ana pua yangu. Nimewaambia waache, wazazi wake wasije wakajivuna.

Habari za kazini ni kubwa. Daktari Mkuu alinisimamisha kwenye korido mbele ya watu, akanitazama usoni. Safari hii ni kweli, muulize Kengele. Akasema, "Mzee wa magurudumu, ile njia imekaa vizuri." Maneno saba. Nimeyahesabu.

Kitanda cha viatu hakikai bure. Ameingia mama mwenye mguu wa plasta. Ameingia mama mfupi ambaye vitanda vyote vya maisha yake alikuwa akipandishwa kama mzigo. Huyu alipanda mwenyewe, akakaa juu yake akiwa anachezesha miguu, akakataa kushuka mpaka Kengele akampigia kelele. Ameingia mama asiyeona, na kitanda hakikuwa shida yake, ila dada wa mapokezi alizungumza na yeye mwenyewe, siyo na ndugu aliyemsindikiza. Nilikuwa karibu, nikamtazama yule dada. Akasema, "Nimeshajua, mzee, nimeshajua." Kengele amekata uzi sawasawa na wako, mafundo matatu, ameutundika kwenye msumari nyuma ya mlango wake. Wanafunzi wa ukunga wakija huwaambia waushike kwanza ndipo wakae. Wa kwako ninao mimi. Sikuutoa.

Sasa liko jambo la kitanda cha mtoto. Nimekwisha kukichora kichwani. Ubavu mmoja unafunguka kama mlango, usawa wa kiti chako, ili umvute bibi mdogo mpaka mapajani bila kumnyanyua na bila kumwita mtu. Mbao ninazo, bawaba ninazo. Kazi ya siku nne kwa mtu wa kawaida, kwangu mbili.

Mkwe wetu, Mungu amjalie, amenitumia vipimo. Karatasi safi, sentimita zimepangwa kwa mstari, na milimita pia, kama nilivyoomba zamani zile. Nimekaa nayo tangu juzi. Tepu nimeifungua na kuifunga mpaka chemchemi inalalamika. Mkaza mjomba wako amepita mara mbili akaniuliza nasubiri nini, nikamwambia vumbi.

Vumbi nimelitumia miaka mingi. "Hebu nisomee hapo, macho yameingia vumbi." Siku zote hutokea mtu wa kusoma. Siku ile ya magongo hakutokea.

Namba nazijua. Ni vile vistari vidogo katikati ya namba. Niliacha shule kabla hatujafika huko, kisha nikawa mkubwa, kisha nikawa fundi, kisha ikawa siwezi kuuliza.

Nadhani wewe unajua tangu zamani. Tepu za kwenu hazijachakaa.

Mpwa wangu, mwambie mkwe asikasirike, karatasi yake ni nzuri. Lakini wewe nitumie uzi. Tepu siijui kuisoma.

Mjomba wako